Sura ya Tisa: Kilima cha Giporoso

Nzeyimana hakuanza na kofi. Alianza na viatu.

Jumamosi ile jioni, Shami aliporudi kutoka soko la Kimironko, alimkuta kaka yake ameketi kwenye kiti cha marehemu baba yao. Mkononi alikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia suti, na mapajani amevipakata viatu vya Shami vya kukimbilia, kama mtu aliyeshika kuku wa kuchinja. Mkasi wenyewe ulikuwa wa Shami. Ndio uliomlisha yeye, ukamlisha mama yao, na siku za mvua, abiria wakiwa wachache, ukamlisha hata Nzeyimana, motari wa kubeba abiria, na pikipiki yake.

“Kaka, hivyo viatu vyangu unavifanya nini?”

“Kaa chini, weye.”

“Nimeuliza tu.”

“Na mimi nimesema kaa!”

Shami akakaa. Nzeyimana akaingiza ncha ya mkasi penye kamba za kiatu cha kushoto, akakata hadi kidoleni. Alikata polepole, akimtazama dada yake usoni, apate kuona kama anaumia. Naam, aliumia. Mkasi ulipomaliza cha kushoto ukahamia cha kulia.

“Motari wenzangu wamekuona hapo Giporoso,” alisema huku akikata. “Jumapili mbili sasa. Mtoto wa kike, umri miaka ishirini na saba, anatimka katikati ya barabara, jasho linamchuruzika, na yule kijana wa Masoro anamfuata na chupa ya maji! Mkristo wa watu, na sisi Waislamu! Wazee wa kina Sudi watakuja kukuposa Jumapili ya tatu kutoka kesho. Nitawaambia dada yangu iko wapi? Iko barabarani?”

“Waambie siku hiyo nina marathoni.”

Jibu hilo alilitoa kwa sauti ya chini kabisa, na hata yeye mwenyewe alishangaa limetokaje. Kofi lilimkuta mdomo ungali wazi. La pili lilimtoa kwenye kiti. Alipojaribu kuinuka, Nzeyimana akamkamata shingoni, akamgandamiza ukutani hadi picha ya baba ikaanguka na kioo kikatawanyika sakafuni.

“Rudia!”

“Nina marathoni.”

La tatu lilimpasua mdomo wa chini.

Mama yao, Bi Mukashema, alitokea mlangoni na karai la bluu. Lilikuwa na maji ya baridi yenye chumvi, na kitambaa safi kimeshatumbukizwa. Katika nyumba ile karai hilo halikuwahi kukauka. Enzi za baba lilimhudumia Bi Mukashema mwenyewe, na baba alipozikwa, Nzeyimana akarithi kiti, koti na mkono, nalo karai likabaki kwa mama.

“Inatosha, mwanangu,” alimwambia Nzeyimana, kama mtu anayemkataza mtoto asiongeze sukari. Kisha akamgeukia Shami. “Umepigwa wapi? Lete hapa.”

Nzeyimana akatoka nje kwenda kuosha pikipiki yake. Ndivyo alivyokuwa. Akishapiga, anaosha pikipiki, hata kama ameiosha asubuhi. Shami alimsikia akisugua vyuma bila kuimba, na moyo wake, moyo mjinga ule, ukamwonea huruma. Maana mtu huyuhuyu alimbeba mgongoni kwenye mvua, Shami akiwa na miaka tisa na homa inamtetemesha, akapanda naye mlima mzima hadi zahanati bila kumtua hata mara moja. Angekuwa mbaya mtupu, kumchukia kungekuwa kazi rahisi.

Usiku haukuwa umeingia bado Shami alipokaa kitandani na sindano ya kushonea mikoba, uzi wa nailoni na vipande vya turubai. Alivishona viatu vyake. Alikuwa fundi, jamani. Nguo iliyokatwa vibaya ni kazi ya kila siku kwake. Alishona mishono miwili miwili, akaing’ata ncha kwa meno ya upande usiouma, na kila alipovuta uzi alimkumbuka yule mwanamke wa kwenye filamu.

* * *

Mambo yenyewe yalianza miezi mitano nyuma, mvua kubwa ikipiga mabati ya soko. Kijana mrefu, mkimya, mwenye macho yasiyojua kusema uongo, alileta suruali tatu zipunguzwe kiuno.

“Umeumwa?” Shami alimuuliza.

“Hapana, dada. Nakimbia.”

“Unamkimbia nani?”

Kijana akacheka. Aliitwa Shyaka, mtunza ghala huko Masoro. Wazazi wake walikuwa Wanyarwanda, lakini yeye alikulia Ngara, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tanzania, chenye ‘tafadhali’ na ‘samahani’ nyingi mpaka Connie, fundi wa cherehani ya jirani, akawa anamwiga akitoka.

“Suruali zako zimeisha tangu saa nane,” Connie alimwambia siku ile. “Sasa unangoja nini hapa, nyabo Shami akupime tena?”

“Nangoja mvua, dada Connie.”

“Mvua iko nje. Huku ndani unaangalia kitu ingine.”

Shyaka aliona haya, na kwa kutafuta pa kuficha uso akatoa simu, akaiegemeza kwenye cherehani ya Shami. Alisema ni filamu ya maisha ya kweli, si ya kuigiza, na ndiyo iliyomfanya aanze kukimbia. Waya wa spika za masikioni ulikuwa mfupi. Yeye sikio moja, Shami sikio moja, vichwa vikakaribiana hadi Shami akasikia harufu ya sabuni kwenye shingo yake. Dakika kumi za mwanzo, tuseme ukweli, hakuona filamu yoyote.

Kisha akaiona. Mwanamke wa milimani, mchuma chai, umri umeshapita arobaini, kovu kwenye nyusi. Muulizaji anamuuliza nani alimfundisha kukimbia. Mwanamke anacheka. Anasema, “Mume wangu.” Siku ya kwanza alipomkimbia alifika kisimani, akakamatwa, akapigwa. Baada ya mwezi akafika kwenye kiwanda cha chai. Akapigwa. Baada ya miezi minne akafika darajani. “Nikasema, siku nitakayovuka daraja yeye yuko nyuma, mkono wake umekwisha.” Mwisho wa filamu anakimbia marathoni mjini, na kamera inamwonyesha mume yule ukingoni mwa barabara, mikono mifukoni, anatazama tu. Mwanamke anampita bila kumgusa.

Shami alikuwa analia na hakujua tangu saa ngapi.

“Mimi ningekuwepo pale,” Shyaka alisema kwa hasira, “huyo mume ningemng’oa meno yote.”

Shami alicheka katikati ya machozi. Maneno yale yalimpendeza. Nani asingependezwa? Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kutamani kumng’oa mtu jino kwa ajili yake.

Lakini mapenzi yalipokolea, Jumapili moja baada ya mazoezi, wakiwa wameketi kwenye ngazi karibu na uwanja wa Remera, alimwambia, “Shyaka, nitasema kitu na sitakirudia. Nimelelewa na mkono. Najua unavyosikika ukiwa bado uko kwenye kitasa cha mlango. Mwanaume nitakayemfuata asiwe na mkono huo. Hata kwa adui yangu.”

“Hata kwa mwizi?”

“Mwizi mwite polisi.”

“Naapa,” alisema, akachukua vidole vya Shami, akavibusu kimoja kimoja, mbele ya watu wa Kigali ambao mambo hayo hadharani hawayapendi kabisa.

* * *

Kesho yake baada ya viatu kukatwa ilikuwa Jumapili ya barabara bila magari. Kuanzia uwanjani hadi Giporoso, na kutoka Giporoso kuteremka hadi Sonatubes, lami yote ilikuwa ya watu: wazee wa fulana nyeupe, akina mama na watoto wao, vijana wa baiskeli. Shyaka alikuwa akimngoja Giporoso, mahali pao, na chupa ya maji.

Tabasamu lake lilikufa alipomwona mdomo.

“Nani?”

“Unamjua.”

“Yuko wapi sasa hivi?”

“Shyaka, nitazame mimi. Usitazame mdomo.”

“Nimekuuliza yuko wapi!” Sauti yake iliwafanya watu wawili wageuke. “Mtu mzima, ana misuli ya kuinua pikipiki, anampiga mwanamke wa kilo hamsini! Leo nitamfundisha. Haki ya Mungu leo nitamvunja.”

“Uliapa.”

“Niliapa kabla sijaona hivi.”

“Basi hukuapa.” Shami alimshika shati kifuani. “Nisikilize. Kila Jumapili nageuka hapa. Sijawahi kuteremka Sonatubes kwa sababu kijiwe chake kiko pale. Leo nateremka.”

“Umerukwa na akili?”

“Nataka anione. Nataka anikimbize. Nikifika hapa juu yeye yuko nyuma, imekwisha. Unakumbuka daraja?”

“Ile ni filamu, Shami! Na akikukamata?”

“Hanikamati.”

“Akikukamata?”

Shami aliichukua ile chupa, akaiweka kwenye mikono ya Shyaka yote miwili, akamkunja vidole juu yake. Waliangaliana kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa salama. Alitamani sana amwegemee, amlilie, waondoke wote wawili wakanywe chai kama watu wengine.

“Shika hivi. Mikono miwili. Usitoke hapa mpaka nifike. Hii ni yangu.”

“Nakupenda, wewe mwanamke,” alisema, na ilisikika kama malalamiko.

“Basi shika chupa.”

Akateremka.

Nzeyimana alikuwa kwenye kijiwe, kando ya makutano ya Sonatubes, pamoja na motari kumi hivi waliokuwa wakisubiri barabara ifunguliwe saa nne. Alikuwa anakula mandazi, helmeti juu ya tangi. Shami alisimama hatua kumi kutoka kwake.

“Kaka!” aliita. “Umeamkaje? Viatu vimepona.”

Akainua mguu mmoja, akamwonyesha mishono.

Motari waliangua kicheko. “Yewe Nzeyimana, si dada yako huyo?” “Amekuja kukutafuta, kaka!” Nzeyimana aliacha andazi lianguke. Akarukia pikipiki, akaipiga teke ikanguruma, na kabla haijaenda mita tano polisi wa barabarani akamsimamia mbele, filimbi mdomoni.

“Weye! Pikipiki iko inaenda wapi? Leo barabara ya miguu. Zima!”

“Afande, ile dada yangu!”

“Na weye una miguu. Zima!”

Nzeyimana aliitupa pikipiki ubavuni kwake, pikipiki aliyoiosha mara mbili jana, akatoka mbio na koti lake la ngozi, buti zake na helmeti mkononi. Shami alikuwa ameshageuka. Alijua kaka yake ana nguvu. Alichosahau ni kwamba mtu mwenye nguvu anaweza kutupa.

Helmeti ilimpiga kwenye bega la kulia kwa kishindo, akaona nyota, akapiga goti kwenye lami. Kabla hajainuka mkono umeshamkamata mtandio, unamvuta nyuma. Ngumi ikamwingia mbavuni. Teke likamkuta pajani.

“Mbele ya wenzangu! Mbele ya kijiwe!”

“Niache, Kaka!”

“Leo utarudi nyumbani umebebwa!”

Watu walipiga kelele. Ngumi nyingine ikaja, Shami akainama, ikapita, na Nzeyimana akayumba kwa uzito wake mwenyewe. Hapo ndipo Shami alipoufungua mtandio shingoni, akamwachia mkononi, akachomoka. Mkono wa fulana ukachanika ukabaki kwenye kucha za kaka yake. Yeye hakuwepo.

Kilima kikaanza.

Alisikia buti nyuma yake, pa, pa, pa, karibu kabisa. Alisikia matusi. Mwanzoni yalikuwa sentensi nzima, zenye mama, baba na heshima ya ukoo. Goti lilikuwa linavuja damu hadi kwenye soksi, bega limekufa ganzi, na kila pumzi ilikuwa kisu cha mbavuni. Akajiambia kisima. Tufike kisimani tu. Akapita duka la vipuri lenye milango ya kijani, akajiambia kiwanda. Matusi yakawa maneno mawili mawili. Mshono wa kiatu cha kushoto ukaanza kuachia, akauhisi uzi unakata, akakanyaga kwa kisigino asiupoteze. Kisha likaja neno moja moja, “We… we…”, na baadaye hakukuwa na neno, ila pumzi tu, nzito, yenye mluzi ndani yake, inayobaki nyuma zaidi na zaidi.

Daraja, Shami akajiambia. Hili ni daraja.

Akageuka.

Nzeyimana alikuwa amepiga magoti katikati ya barabara, mita arobaini chini, anatapika andazi lake. Watoto wa baiskeli walimzunguka kwa mbali. Mtandio wa dada yake ulikuwa bado umemzunguka ngumi. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa, akakaa chini kama mtu mnene.

Shami angeweza kumalizia kilima. Shyaka alikuwa pale juu, ungali mwendo wa dakika moja. Lakini kuna ushindi mwingine mtu hawezi kuubeba peke yake, hasa kama aliyeshindwa ndiye aliyekubeba ukiwa na homa. Akashuka. Akasimama mbali kidogo na mikono yake.

“Kaka.”

Nzeyimana aliinua uso. Ulikuwa mwekundu, machozi ya kutapika yanamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu baba afe, hakuwa na sura ya baba.

“Tangu… lini?” alisema akihema. “Unakimbia… hivi… tangu lini?”

“Miezi mitano.”

“Mimi nilidhani… unatembea tembea tu… na yule kijana.”

“Nakimbia, Kaka. Kilomita ishirini na moja. Nataka zifike arobaini na mbili.”

“Na hivyo viatu?”

“Nimevishona.”

Nzeyimana akavitazama. Kitu kikapita mdomoni mwake, na Shami, aliyemjua tangu tumboni, akaona kuwa ni kicheko kinachotafuta njia. “Ningekukata… miguu basi,” alisema, lakini sauti haikuwa na sumu. Akainua mkono wake wa kulia juu, kiganja wazi. “Niinue, we mtoto. Niinue, watu wanatazama.”

Shami akanyoosha mkono wake.

Hakumwona Shyaka akija. Alisikia tu chupa ikidunda barabarani, kisha mwili mrefu ukapita pembeni yake, na goti la Shyaka likatua usoni mwa kaka yake. Kichwa cha Nzeyimana kilirudi nyuma kikagonga lami. Shyaka alikuwa juu yake tayari, amemkalia kifua, anapiga. Kulia, kushoto, kulia. Hakuna aliyekuwa anajikinga pale chini. Mtu aliyeishiwa pumzi hana mikono.

“Utampiga tena? Utampiga tena?”

“Shyaka!”

“Sema utampiga tena!”

“Shyaka, mwache! Mwache!”

Alimvuta shati, shati likachanika. Alimkaba shingo kutoka nyuma, akatikiswa kama kanga kwenye kamba. Jino la Nzeyimana lilitoka na damu nzito, likabaki kwenye shavu lake. Watu walikuwa wameshatoa simu. Ndipo Shami akazunguka mbele, akainua mkono wake, na kwa nguvu zote za kilima, za viatu, za picha ya baba iliyovunjika, akampiga Shyaka kofi.

Lilisikika hadi ng’ambo ya barabara. Na ule mlio aliujua. Ulikuwa mlio wa nyumbani kwao.

Shyaka aliacha kupiga. Akamtazama, kiganja shavuni, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

“Alikuwa anakupiga,” alisema. “Niliona mkono juu.”

“Alikuwa ananiomba nimwinue.”

“Shami… nilikuwa mbali. Niliona mkono juu.”

“Nilikuwa nimeshamshinda!” Sauti yake ilipasuka. “Mimi! Kwa miguu yangu! Alikuwa ameshaniuliza habari za viatu vyangu. Angecheka, Shyaka, ilibaki kidogo acheke. Sasa akiamka atakumbuka nini? Atakumbuka kwamba mwanaume wangu alimpiga. Basi. Umeninyang’anya.”

“Nilifanya kwa ajili yako.”

“Na yeye hufanya kwa ajili yangu. Na baba alifanya kwa ajili ya mama. Filamu ile umeitazama mara ngapi?”

“Nyingi.”

“Yule mume, nani alimpiga?”

Shyaka akashuka kifuani mwa Nzeyimana.

“Hakuna aliyempiga,” Shami alisema. “Hakuna.”

Akaokota chupa. Ilikuwa imebaki nusu. Akapiga magoti, akainua kichwa cha kaka yake, akamnywesha kidogo kidogo, maji yakichanganyika na damu yakimtiririka kidevuni. Jicho moja la Nzeyimana lilikuwa limeshafumba. La pili lilimtazama Shyaka, na Shami akaona ile sura ya baba aliyokuwa ameifukuza kilima kizima ikirudi ndani yake na kukaa mahali pake.

Motari wenzake walifika wakihema, wakamshika mabega. “Tumpeleke kwa daktari,” mmoja alisema. “Weye dada, njoo.” Shami akatikisa kichwa. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia. Kiganja kilikuwa chekundu na kinawaka. Mkono wenyewe haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha kuliko damu.

“Shami, usiende,” Shyaka alisema. “Nipige tena. Nitukane. Usiende tu.”

Akaenda.

Alikimbia. Alipita Giporoso, alipita mahali pao pa chupa na pa salamu, akaelekea uwanjani. Nyuma yake akasikia hatua. Hizo hakuhitaji kugeuka kuzijua; miezi mitano alikuwa amezisikiliza pembeni yake, nyepesi, ndefu, za mtu anayejipunguza ili asimwache. Shyaka alikuwa na kasi kuliko yeye. Angetaka, angemfikia kabla ya mzunguko wa pili, angemshika bega, na Shami alijua wazi kuwa akishikwa bega atageuka, na akigeuka atalia kifuani mwake, na akishalia pale atasamehe kila kitu leo na miaka yote ijayo, kama mama yake.

Hatua zikakaribia. Akasikia pumzi.

Kisha zikapungua. Zikawa za kutembea. Zikasimama.

Shyaka alisimama tu barabarani akamwacha aende, na Mungu anajua lilikuwa jambo pekee sahihi alilofanya asubuhi ile. Hapo ndipo Shami alipolia kwa sauti, anakimbia na kulia, wazee wa fulana nyeupe wakimpisha. Alikuwa anampenda. Alimpenda sana pale hatua ziliposimama kuliko siku zote zilipokuwa zikimfuata.

Kiatu cha kushoto kiliachia kabisa kwenye kona ya Kimironko. Akakivua, akakishika, akamalizia njia mguu mmoja wazi.

Mama yake alikuwa mlangoni. Habari mbaya Kigali haihitaji pikipiki. Simu zilikuwa zimeshapigwa. Bi Mukashema alitazama goti, fulana iliyochanika, kichwa kisicho na mtandio. Hakuuliza habari. Karai la bluu lilikuwa tayari juu ya kigoda, maji ya chumvi, kitambaa ndani.

“Umepigwa wapi, mwanangu?” alisema. “Lete hapa.”

Shami akakaa sakafuni mbele yake. Bega liliuma, mbavu ziliuma, goti lilikuwa limefungua mdomo. Hakuvionyesha. Alinyoosha mkono wa kulia, kiganja juu, akautumbukiza ndani ya maji.

“Hapa, mama,” alisema. “Leo nimepiga mimi.”

Bi Mukashema akakichukua kitambaa, akaanza kumwosha ule mkono, kidole kimoja kimoja, na mikono yake mwenyewe ikaanza kutetemeka ndani ya maji.